Naomba ushauri: nimepangiwa mkia wa simba, kiuno kinaniua

Habari zenu wakuu. Nasoma Foshan, kusini mwa China, na jioni najifunza kung fu ya mtindo wa Hung Gar. Huku kung fu na ngoma ya simba (watu wawili ndani ya vazi moja la simba, mmoja kichwa, mwingine mkia) haviachani: ule mkao wa magoti kukunjwa kama umepanda farasi ndio huohuo unaombeba simba. Mimi nimepangiwa mkia. Nainama chini ya kitambaa, nimeshika mkanda wa kiunoni wa mwenzangu anayecheza kichwa, naona visigino vyake tu. Ngoma ikibadilika mdundo, namnyanyua juu. Usiku kiuno kinawaka moto, silali. Mwaka Mpya wa Kichina umekaribia na sitaki kabisa kumwangusha mwenzangu. Mliowahi kucheza mkia, kiuno mlikiimarishaje? Na mwalimu nimwambieje bila kumvunjia heshima?