RV kutoka Minneapolis mpaka Seattle, mama mkwe yumo ndani. Nishaurini wakuu

Mkwe_wa_Pongwe

Wakuu habari za majukumu. Niko Minnesota mwaka wa tisa huu na familia, watoto watatu wa miaka 11, 8 na 4. Mwezi wa saba shemeji yangu anaoa kule Seattle na mama mkwe anatoka Tanga kuja kwenye hiyo harusi, anafikia kwetu kwanza. Sasa wife kaja na wazo, eti badala ya kukata tiketi sita za ndege tukodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende nayo mdogo mdogo, tunalala njiani, tunapika wenyewe, mama anaiona Marekani maana safari ile ya kwanza alikaa miezi mitatu akaijua sebule yetu na duka la Walmart basi. Siku kumi kwenda, gari tunaliacha hukohuko, kurudi tunapanda ndege.

Mimi gari kubwa nililowahi kuendesha ni Toyota Sienna, hii ya familia. Nimeangalia video mpaka usiku wa manane na kila video inanichanganya zaidi, huyu anasema lala paking ya Walmart bure, huyu anasema utagongewa dirisha saa nane usiku uondoke. Leseni ya kawaida inatosha? Inakula mafuta kiasi gani? Na hizo kempu ukifika unaingia tu au mpaka ubuku?

La mwisho nalisema hapa kwa sababu hamnijui sura. Mama mkwe wangu ni mama wa kipwani haswa, mpaka leo nikiingia sebuleni anavuta mtandio. Hicho choo cha RV nimekiona kwenye picha, mlango kama wa kabati halafu meza ya kulia iko hapohapo. Sasa naanzaje kuingia mle asubuhi na mama kakaa anakunywa chai? Na yeye je, ataingiaje na mimi nipo? Wife anacheka tu, lakini mimi hili linaninyima usingizi kuliko hayo mafuta.

Gurudumu18

Mkuu mimi naendesha trela, hiyo barabara kuu ya I-90 nimeipita mpaka mashimo yake nayajua. La choo nawaachia wengine.

Leseni yako inatosha, haya magari ya kukodi yako chini sana ya zile paundi 26,000 zinazotaka leseni ya lori, ila kampuni nyingi zinataka dereva awe na miaka 25 kwenda juu. Bima usijidanganye kwamba ya Sienna itakufuata humo, mpigie agenti wako uulize kabla hujasaini. Mafuta hesabu maili 8 mpaka 10 kwa galoni. Njia yako ukichepuka chepuka inafika maili 2,000, kwa hiyo galoni 220 hivi, hapo zidisha mwenyewe na bei ya siku. Halafu soma mkataba vizuri maana wengi wanatoza kwa maili, wanatoza jenereta kwa saa, na kuacha gari mji mwingine kuna hela yake, wakati mwingine hiyo ndo inaua hesabu yote.

Sasa barabarani. Adui yako wa kwanza ni upepo. South Dakota wanaruhusu maili 80 kwa saa, wewe usithubutu, kaa 60 mpaka 65 kulia kwako uwaache wapite, trela likikupita utalisikia linakuvuta halafu linakusukuma, shika usukani kawaida tu usishtuke. Pale Livingston, Montana upepo ukichachamaa paki ule wali usubiri, watu wazima tunapaki.

Pili urefu wa kwenda juu. Andika kwenye karatasi ubandike mbele yako, mengi ni futi 11 mpaka 12. Kuna daraja la reli kule Durham, North Carolina lilikuwa futi 11 na inchi 8, limechuna mapaa ya magari mpaka likawekewa kamera na watu wanaangalia kama mpira, 2019 wakaliinua inchi 8 na bado linagongwa. Wewe lako litakuwa kwenye drive-thru, pale unaponunua chakula ukiwa ndani ya gari, watoto wakilia burger paki nje uingie kwa miguu.

Tatu ukitoka Buffalo, Wyoming kuelekea Cody kuna milima ya Bighorn. GPS inaweza kukupeleka barabara ya 14A, ile mteremko wake unafika asilimia 10, breki zitanuka mpaka mama aanze kusoma dua. Pita US-16 ya Ten Sleep, ndo nafuu. Ukishuka weka gia ndogo iishike gari, usilalie breki.

Kulala Walmart muulize meneja wa duka hilohilo, maana wengine wanaruhusu na wengine mji wenyewe umekataza. Na nakuomba kwa heshima, truck stop, vituo vya malori, usipaki kwenye nafasi zetu. Sisi kisheria tunaendesha saa 11 tu, zikiisha hatusogei, halafu unafika umechoka unakuta mtu katandaza zulia na viti nafasi ya trela mbili. Inauma sana.

Mama_Mapacha

Wa barabarani kamaliza, mimi niseme ya ndani. Sisi tulikodi mwaka juzi, futi 28, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva.

Mkwe_wa_Pongwe sikiliza, RV nyingi za kukodi zina matenki matatu, la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Ukifika kempu ya kulipia unachomeka umeme, maji, na bomba la kumwaga. Sisi tulivyo wajanja tukaunganisha bomba tukafungua koki ya tenki la choo tukaiacha wazi siku tatu, tukijua si ndo inajitoa yenyewe. Kumbe majimaji yanatoka, mzigo unabaki. Siku ya kuondoka mume wangu anavuta koki, hakitoki kitu. Anachungulia kwa juu na tochi ya simu, kumejengeka kichuguu. KICHUGUU jamani. Tuliijaza maji tukaendesha nayo maili arobaini kwenye kona ili yachanganyike, mapacha wanaimba nyuma, mimi nimeshika pua, ndo ikalainika. Na glavu alizovaa zilikuwa zangu za kuoshea vyombo, zilibaki hukohuko South Dakota.

Kwa hiyo koki ya choo funga mpaka tenki lijae theluthi mbili hivi, ukimwaga anza na la choo halafu la sinki, maji ya sabuni yanasuuza bomba.

Kingine AC ya juu haifanyi kazi bila umeme wa kempu au jenereta. Ukilala paking bila umeme na joto la mwezi wa saba utaiva. Jenereta nayo kempu nyingi usiku wanataka izimwe. Na ukibuku tenti usidhani utapata sehemu ya RV, bukini sasa hivi, buking ya kempu za serikali zilizo kwenye hifadhi inafunguliwa miezi kadhaa kabla na za Julai zinaisha kama karanga.

Halafu mama asitembee gari likienda! Watu wanaona kitanda wanadhani ni treni ya kwenda Kigoma. Kila mtu kwenye kiti chenye mkanda, na huyo wa miaka 4 kiti chake kifungwe sehemu inayokubalika, uliza ofisini wakuonyeshe. Samaki kaangia nje. Mimi nilikaanga ndani, kengele ya moshi ililia mpaka jirani akaja kwa kaptura ya kulalia, na harufu tuliishi nayo mpaka tunarudisha gari.

Brayo_Tacoma

Nimecheka lakini nakuelewa sana ndugu. Mimi ni Mluhya, kwetu mama mkwe halali hivi hivi kwa nyumba ya mkwewe, sembuse kwa gari moja mkipumuliana. Tulifanya hivi, uone kama itakufaa. Kempu za KOA, ile kampuni ilianzia Billings, Montana 1962 kwa hivyo kwenye hiyo njia yako wako wengi, huwa na vijumba vya mbao unakodi. Kitanda kiko, stima iko, kibaraza kidogo. Unachukua nafasi ya RV na kijumba karibu, mama analala kwa kijumba na msichana mkubwa, nyinyi mnabaki kwa gari. Asubuhi kila mtu anatoka kwake anaoga kwa bafu za kempu, mnapatana kwa meza ya nje mkiwa mmevaa. Heshima imekaa.

Choo cha gari weka sheria kimoja, ni cha usiku na cha dharura. Mchana kempu ina vyoo, rest area ina vyoo, gas station pia. Mimi siku nane sikuingia kile cha gari hata mara moja na mother-in-law akiwa ndani. Yeye pia hakuingia nikiwa. Hakuna mtu alisema kitu, tulielewana tu.

Hifadhi ya Yellowstone ndio kuna shida kidogo. Kempu yenye umeme na bomba ndani ya park ni Fishing Bridge peke yake, na hapo hawaruhusu tenti kwa sababu ya dubu, kwa hiyo usipange eti wewe na bibi mtalala nje kwa hema. Kempu za Madison au Grant Village wanaruhusu tenti na RV lakini hakuna stima. Ama mama achukue chumba kwa lodge ya pale Lake, si bei rahisi. Na usiku kule ni baridi hata Julai, ziwa liko juu futi zaidi ya 7,000, mama wa Tanga mnunulie sweta ya maana. Kadi ya park za kitaifa ya mwaka mzima kwa mkazi wa Marekani ni dola 80, usilipe mlango kwa mlango.

Hifadhi ya Badlands msikose, lakini mlale kempu ya Cedar Pass, ile ya bure ya Sage Creek RV ikipita futi 18 hairuhusiwi. Mkitoka hapo pitieni duka la Wall Drug, maji ya barafu bure na kahawa senti tano, mzee wangu alikataa kuamini akanunua vikombe vinne.

Mtu_wa_Mabibo

Nyie watu mnalipa hela nyingi mkalale porini na choo mmekibeba wenyewe? Sisi huku ikiharibika basi Singida tunalala bure 😂

Mkwe_wa_Pongwe

Asanteni sana, Mabibo umeniua 😂

Nimekaa na wife tumepanga. Usiku tatu tunachukua kijumba kama alivyosema Brayo, Badlands tutabanana, mama na binti kitanda cha nyuma chenye mlango na sisi pale kwenye meza inayokunjuka. Yellowstone mama tumemtafutia chumba, kimebaki kimoja tukakidaka. 14A nimeshaifuta kwenye simu.

Jana tumempigia video tumweleze. Mama kasikiliza wee mpaka mwisho halafu kauliza maswali mawili tu. La kwanza kibla atakijuaje gari likigeuka geuka, hilo tumemwambia simu itamuonyesha, kwa huku ni kaskazini-mashariki. La pili limenishinda nikampa simu mwanawe. Anataka kujua kama hicho choo kinakubali kopo, maana yeye makaratasi hayawezi. Si litajaza tenki haraka jamani?

Mama_Mapacha

Mwache mama na kopo lake! Kile kichuguu changu kilitokana na nini unadhani? Karatasi nyingi maji kidogo. Tenki la choo linataka maji, yule fundi tuliyemrudishia gari alituambia mwagieni maji bila huruma. Mama yako ndo atakuwa mtumiaji bora kuliko nyie wote humo ndani. Chunga la sinki tu, hilo ndo hujaa kwanza, na akichukua udhu mara tano humo bafuni pamoja na watoto wanaoacha bomba wazi mtamwaga kila siku. Mpe kibirika akachukulie nje.

Mkwe_wa_Pongwe

Hahaa nitamfikishia, atafurahi. Kumbe kaongeza jingine leo asubuhi, anafungasha udi na marashi ya harusi, anauliza akifukiza humo ndani kuna tatizo?

Brayo_Tacoma

Kengele italia. Afukizie nje mchana, na kwa dubu asiache kitu chochote chenye harufu kwa meza, si udi, si lotion, si dawa ya meno, vyote vinalala ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Dubu hajui hiyo ni ya bibi harusi.