Andaz Apna Apna: Raveena ni yupi?

BintiWete:
Assalamu alaykum. Jana tumeitazama tena hii filamu ya Kihindi, Andaz Apna Apna, na mama, huku tunamenya muhogo, ugomvi ukazuka. Yeye anashikilia msichana mwenye mali anachezwa na Raveena Tandon, miye nakataa. Tuamueni.

Mtu wa Vuga:
Waalaykum salaam. Kachanganywa makusudi mama yetu, mpe shikamoo yangu. Tandon humo ni Karishma, katibu. Mrithi hasa ni Raveena, anayechezwa na Karisma Kapoor. Wamebadilishana majina ili ajulikane anayemtaka mtu na anayetaka mapesa. Basi muda mwingi kila mmoja anaitikia jina lake la nje ya filamu! Mimi hapo hucheka peke yangu kila mara.

Hamumali:
Mnasahau wanaume. Aamir Khan kacheza mwana wa kinyozi, Salman Khan mwana wa fundi cherehani, wote wanafukuzia utajiri mmoja. Mmoja ajitia kapoteza kumbukumbu apate kulala nyumba ile, mwenziwe aja kujifanya daktari wa kumtibu! Na ilipotoka 1994 haikuvuma sinema. Watu wameipenda baadaye, kwenye kanda za video.

BintiWete:
Ahsanteni. Kwa hiyo Aamir, mwenye tamaa kuliko wote, mwisho kaangukia kwa katibu? Nimemsomea mama, anasema hamjui kitu, Tandon ndiye aliyevaa vizuri zaidi.

Mtu wa Vuga:
Hapo mama kashinda.