Mjadala: Je, mtoto mdogo apewe chai, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Mtoa mada (mwalimu wa shule ya msingi, Mbale)

Ndugu wasomaji, naleta mbele yenu jambo ambalo katika nyumba nyingi za Uganda halijawahi hata kuulizwa: je, ni sawa mzazi kumpa mtoto aliye chini ya miaka mitano kinywaji chenye kafeini, yaani kile kichangamshi kilichomo katika chai, kahawa na kola? Mazungumzo haya yanapozuka, iwe redioni au katika mikutano ya wazazi, huanza na kuishia kwenye zile chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu zinazouzwa katika kila duka la mtaani, na wazazi wengi huondoka wameridhika kwa sababu wao hawampi mtoto wao chupa hizo. Msimamo wangu ni kwamba tunaanzia mahali pasipo penyewe. Chupa hizo nitazifikia, wala sizitetei, lakini kafeini inayomfikia mtoto wetu kila siku iendayo kwa Mungu hutoka jikoni, ndani ya birika, na birika hilo humdhuru kwa njia ambayo wengi hatuitazami.

Chukueni kifungua kinywa cha nyumba ya kawaida, hapa Mbale au kwingineko. Maji yanachemka juu ya sigiri, majani ya chai yanatiwa, sukari inatiwa, na kwa kuwa maziwa hayapatikani kila siku, chai hubaki kavu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupewa ya kwake katika kikombe cha plastiki, naye huchovya mkate au hushushia muhogo na kiazi kitamu. Mchana akila posho (ugali) na maharage, anamalizia na ile iliyobaki ndani ya chupa ya chai, kwa sababu ipo tayari na ina joto. Hakuna mzazi anayefanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe.

Tatizo la kwanza wala si kafeini. Majani ya chai yana tanini, yaani vile vitu vinavyoipa chai ukakasi wake, ambazo zikikutana na chakula tumboni huyashika madini ya chuma yaliyomo katika maharage, dodo (mchicha) na nafaka, na mwili ukashindwa kuyachukua, ilhali ndiyo unayoyahitaji kutengeneza damu. Chai ikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo, kiasi cha madini ya chuma kinachoingia mwilini kinaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Mtu anayekula nyama mara kwa mara hataathirika sana, kwa kuwa chuma kilichomo katika nyama hakizuiwi kirahisi hivyo, lakini watoto wetu wengi hula nyama sikukuu kwa sikukuu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 53 ya watoto wa Uganda wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyowaletea. Malaria na minyoo vina sehemu kubwa, na mlo wenyewe ni duni. Nasema kwamba pale ambapo zaidi ya nusu ya watoto hawana damu ya kutosha, hatuna haki ya kuwapa pamoja na chakula kinywaji kinachowanyang'anya kile kidogo walichokipata.

La pili ni nafasi ya tumbo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na nusu kikombe cha chai yenye sukari humtuliza akaacha kulia, huku ikiwa haina protini wala mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miaka miwili na kuendelea, na katika mwongozo wake wa mwaka 2023 likasema wazi kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe vinywaji vilivyotiwa sukari.

Ndipo inakuja kafeini yenyewe. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilikadiria mwaka 2015 kwamba miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hazitarajiwi kumdhuru mtoto. Kwa mtoto wa kilo 12, hiyo ni miligramu 36. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi kina miligramu 40 hadi 50 hivi, kahawa karibu 95, chupa ndogo ya soda aina ya kola kama 30, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Mwenye akili ataona kwamba nusu kikombe cha chai hakivuki mpaka huo, nami nakubali. Lakini mtoto hanywi nusu kikombe mara moja tu, na mpaka huo uliwekwa bila kufikiria mtoto mwenye upungufu wa damu anayelala chumba kimoja na watu watano na ambaye usingizi wake tayari ni wa taabu. Kwa mtoto mchanga hali ni nzito zaidi, maana ini lake halijakomaa: mtu mzima huondoa nusu ya kafeini aliyokunywa kwa muda wa saa tano hivi, ilhali kwa mchanga kazi hiyo hiyo inaweza kuchukua siku tatu au nne. Nimemwona mama katika kituo cha teksi akimimina soda ndani ya chupa ya kunyonyea ili mtoto asilie safarini. Mtoto yule hakuwa hata na meno.

Kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu sitasema mengi, kwa sababu hapa sioni ubishi wa kweli. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2011 kwamba havina nafasi katika mlo wa mtoto wala wa kijana. Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland Januari 2024. Chupa nyingi zinazouzwa kwetu zenyewe zimeandikwa kwamba hazifai watoto, ila kwa herufi ambazo mzazi hawezi kuzisoma bila kuisogeza chupa machoni, na kwa Kiingereza ambacho bibi anayelea wajukuu huenda asikijue.

Basi pendekezo langu ni hili: mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe chai ya majani, kahawa wala kola, vinywaji vya kuongeza nguvu visiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18, na suala la chai lizungumzwe kliniki, siku ya chanjo, kama linavyozungumzwa suala la chandarua.

Mchangiaji wa kwanza (mama wa watoto watatu, mfanyabiashara, Busia)

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, lakini naona umeandika kama mtu ambaye si yeye anayewasha sigiri. Chai ina faida moja ambayo hukuitaja hata kwa neno moja: maji yake yamechemshwa. Mtaani kwetu maji ya bomba hukatika, tunachota kisimani, na kila msimu wa mvua watoto huharisha. Mtoto anayekunywa chai anakunywa maji yaliyochemka, na mimi ninajua hivyo kwa hakika kwa kuwa nimeyaona yakichemka. Ukimwambia mama aache chai bila kumwambia atampa nini, mtoto atakunywa maji ya mtungi, na huo upungufu wa damu unaouogopa hatauona kwa sababu kuhara kutamchukua kwanza.

Halafu kuna makaa. Chai huiva upesi, na moto ule ule unaendelea kupika kitu kingine. Uji wa ulezi unataka ukae motoni, ukorogwe, usishikane chini, na unataka unga ambao bei yake inapanda kila mavuno yanapokuwa mabaya. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri ili nifike mpakani kabla ya wengine, na anayebaki na mdogo ni dada yake wa miaka tisa. Je, nimwachie mtoto wa miaka tisa sufuria ya uji unaotokota, au chupa ya chai iliyofungwa?

Sitetei soda ndani ya chupa ya kunyonyea, hilo hata mimi linaniudhi. Lakini kuweka chai ya nyumbani katika orodha moja na zile chupa za dukani ni kumfanya kila mama maskini aonekane mkosaji.

Mchangiaji wa pili (mkulima wa kahawa, Bududa)

Mimi naogopa jambo moja tu. Kahawa ya mlima Elgon ndiyo iliyolipa karo za watoto wangu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukihimizwa Waganda tunywe kahawa yetu wenyewe badala ya kuisafirisha yote nje. Mkianza kusema kafeini ni sumu, nani atainywa? Isitoshe, wazee wetu walitafuna buni na waliishi.

Mchangiaji wa tatu (muuguzi, kituo cha afya, Tororo)

Naomba niweke sawa mambo machache, maana huku kliniki tunasikia pande zote mbili zikitia chumvi.

Mzee wangu wa Bududa, hakuna aliyesema ni sumu. Kafeini ni miongoni mwa dawa tunazozitegemea sana kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu huamsha sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi na kuwazuia wasisahau kupumua. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa miligramu kulingana na uzito, na mtoto huwa chini ya uangalizi, mapigo ya moyo wake yakihesabiwa. Anayetoa mfano huo ili kutetea chai kwa mtoto mchanga anatoa mfano unaompinga. Vilevile ile imani kwamba kahawa humdumaza mtoto asirefuke haina ushahidi, na tusiitumie kuwatisha watu, kwa kuwa wakija kugundua kwamba si kweli hawatatuamini tutakapowaambia habari ya madini ya chuma, ambayo ni kweli.

Mwalimu, upande wako nina marekebisho. Watu wengi wakisikia hoja yako ya chai kavu watadhani kwamba wakitia maziwa tatizo limekwisha. Maziwa huongeza lishe, ndiyo, lakini hayazifanyi tanini zisishike madini ya chuma kwa kiasi cha kututosheleza. Kinachosaidia zaidi ni muda: chai ikikaa mbali na mlo kwa saa moja au zaidi, madhara hayo hupungua sana. Kwa mtoto wa miaka minne ambaye nyumba nzima inakunywa chai na yeye analia, mimi humwambia mama ampe kidogo, nyepesi, katikati ya milo, wala si usiku. Nikimwambia "kamwe", ananiitikia kwa kichwa, kisha anarudi nyumbani na kuendelea, na mwezi ujao nikimuuliza mtoto anakunywa nini, ananidanganya. Mama anayenidanganya siwezi kumsaidia.

Kwa chini ya miaka miwili, hata hivyo, nasimama na wewe bila kupunguza chochote.

Mtoa mada anajibu

Mama wa Busia, hoja yako ya maji ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na inastahili jibu lisilo la juujuu. Kinachomlinda mtoto na kuhara ni kule kuchemka, wala majani hayachangii chochote. Kwa hiyo, pale maji yanapochemka na kabla hujatia majani, teka kikombe cha mdogo kwanza, na kingine cha akiba ukifunike. Ni birika lile lile, makaa yale yale, dakika zile zile. Kama anataka ladha, mchaichai unaota nyuma ya nyumba nyingi, nao hauna kafeini. Na kama siku hiyo una maziwa ya kutosha chai ya watu sita, yachemshe yote umpe mdogo peke yake, sisi wengine tunywe kavu. Hilo la mwisho ni gumu, najua, kwa sababu katika nyumba nyingi maziwa huanza kwa baba.

Kuhusu uji na yule dada wa miaka tisa, sina jibu ambalo unaweza kulitumia kesho asubuhi, wala sitajifanya ninalo. Uji wa usiku ukitiwa ndani ya chupa ya chai ukiwa wa moto sana na mwepesi kiasi hukaa na joto hadi asubuhi, lakini chupa nyingi za bei nafuu haziwezi kazi hiyo, na uji uliopoa na kukaa usiku kucha una hatari zake. Hapo ndipo ninapoona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa mama peke yake, na kwamba wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT, wangefanya kazi yenye maana zaidi kwa kuingia jikoni na kutazama hali ya nyumba kuliko kwa kusoma orodha ya makatazo.

Muuguzi, nakubali saa moja kati ya mlo na chai, na nakubali kwamba kwa mtoto wa miaka minne hadi mitano maneno yako ni ya hekima kuliko yangu. Pendekezo langu nalirekebisha hivi: chini ya miaka miwili hakuna kabisa, kati ya miwili na mitano, mzazi aelekezwe, asihukumiwe. Kahawa na kola ninaziacha palepale, na mzee wa Bududa ana wanywaji wa kutosha miongoni mwetu watu wazima.

Kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu sirudi nyuma. Hapa hakuna makaa wala maji ya kisima; mtoto anapewa pesa ya matumizi ya shule, anavuka barabara, ananunua. Ninalotaka ni kwamba Shirika la Viwango la Uganda lidai onyo la watoto liandikwe mbele ya chupa, kwa herufi kubwa na kwa lugha ambazo watu wanazisoma, na kwamba mwenye duka awe na wajibu wa kukataa kuuza. Mpaka sasa hakuna mwenye duka hata mmoja aliyechangia, na ningependa sana wajitokeze watueleze: mtoto wa miaka saba akija na pesa mkononi, mnamuuzia, na mkikataa, ni nani anayekuja kulalamika?