Mjadala: Mkuu wa polisi mzee wa mji mdogo, tumpende vitabuni au tumtilie shaka?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kuna hoja nimeibeba muda mrefu, leo naiweka hapa ichambuliwe. Inahusu riwaya za upelelezi za miji midogo, zile ambazo shujaa wake ni mkuu wa polisi aliyezeekea kazini.

Anayezisoma anamjua. Mji una watu elfu mbili tatu, kila mtu na shemeji yake. Mkuu wa polisi amebakiza miaka michache astaafu, magoti yanamuuma, mke amefariki au ameondoka, chupa haiko mbali. Ikiokotwa maiti, makao makuu wanaleta vijana na mitambo yao, lakini atakayeifumbua kesi ni yeye, kwa kuwa anakumbuka nani aligombana na nani miaka 30 nyuma na lile shamba lilikuwa la nani kabla halijauzwa. Mwishoni anamwita muuaji kwa jina lake la utotoni, na muuaji anabubujikwa machozi.

Riwaya hizi nazipenda sana. Hata hivyo nasema wazi: kinachotufanya tumpende mzee huyu, yaani kuwajua watu wote na kujulikana na wote, kwenye kituo cha polisi cha kweli ni hatari. Mwandishi anayetuonyesha baraka yake tu anatudanganya.

Nianze na ambaye hakudanganya. Henning Mankell wa Sweden alimweka mpelelezi wake, Kurt Wallander, katika Ystad, mji mdogo wa bandari kusini kabisa mwa nchi hiyo. Riwaya ya kwanza ilitoka 1991. Humo Wallander anaendesha gari akiwa amelewa, askari wa doria wanamsimamisha, na ni askari wa kituo chake mwenyewe. Wanamfikisha nyumbani na hawaandiki kitu. Sasa ruka hadi 2009, riwaya iliyofunga hadithi yake. Wallander amekaribia miaka 60, anakunywa mgahawani na kuisahau hapo bastola ya kazi. Safari hii taarifa inafika mbele, na anasimamishwa kazi.

Mimi naona hoja yangu yote imo kati ya matukio hayo mawili. Ile riwaya ya kwanza inahusu chuki dhidi ya wakimbizi, na Msomali mmoja anapigwa risasi na kufa humo. Sasa jiulize: kama aliyelewa nyuma ya usukani angekuwa mkimbizi wa Kisomali, wale vijana wa doria wangemsindikiza nyumbani kwake? Mankell aliishi kati ya Sweden na Msumbiji, akiongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida pale Maputo, na alieleza kwamba alimuumba Wallander baada ya kurudi kwao na kukuta ubaguzi umeota mizizi. Alijua anachokiandika. Alimpa shujaa wake upendeleo wa mji mdogo, akatuacha tuuone.

Tutoke vitabuni. Marekani kuna riwaya nyingi za aina hii, na hali yenyewe ya huko inaeleza sababu. Kila mji, hata uwe mdogo vipi, unaweza kuwa na polisi wake. Takwimu za serikali yao za 2016 zilionyesha kwamba karibu nusu ya idara hizo zina maofisa chini ya 10. Mkuu wao huteuliwa na uongozi wa mji (sherifu wa kaunti ndiye hupigiwa kura, watu huwachanganya hawa wawili). Maana yake anayempa kazi, anayemkagua na anayekunywa naye kahawa asubuhi wanaweza kuwa mtu mmoja.

Ferguson, Missouri, watu kama 21,000. Baada ya kijana Michael Brown kuuawa kwa risasi na polisi Agosti 2014, Wizara ya Sheria ilichunguza idara nzima. Ripoti yake ya Machi 2015 ilionyesha polisi na mahakama wakitumika kuujazia mji mfuko kwa faini. Watu weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, lakini asilimia 93 ya waliokamatwa. Na kuna sehemu ya ripoti hiyo ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: wakubwa wa mji na watu wa mahakama walikuwa wakifutiana faini wao kwa wao, jamaa na marafiki. Huko ndiko kujuana. Mkuu wa polisi alijiuzulu mwezi huohuo.

Na Marion, Kansas, mji ambao wakazi wake hawafiki 2,000. Tarehe 11 Agosti 2023 mkuu wa polisi, Gideon Cody, aliongoza askari kuvamia ofisi za gazeti la mji na nyumba ya mmiliki wake, wakabeba kompyuta na simu. Sababu iliyotolewa ilikuwa namna gazeti lilivyopata taarifa za leseni ya udereva za mwenye mgahawa mmoja. Gazeti hilohilo lilikuwa likiuliza-uliza kuhusu historia ya Cody kazini kwake kwa zamani, Kansas City, alikotoka mwaka huohuo. Mama wa mchapishaji, Joan Meyer, miaka 98, mmiliki mwenza, alikuwa nyumbani wakati wa upekuzi. Alifariki siku iliyofuata. Cody alijiuzulu Oktoba, na mwaka uliofuata akashtakiwa kwa kuingilia mwenendo wa haki.

Swali langu kwenu: mwandishi wa riwaya hizi ana deni la kutuonyesha upande huu, au riwaya ni burudani na tumwache mzee apumzike? Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kaka, nimekusoma neno kwa neno na ninakupinga.

Mfano wako wa Marion unanisaidia mimi. Umesema mwenyewe huyo mkuu alikuwa mgeni, ametoka mji mkubwa mwaka uleule. Mzee aliyekaa Marion miaka 25 angeingia nyumbani kwa bibi wa miaka 98 na askari? Angekwenda peke yake, angegonga mlango, angekaribishwa kiti. Hayo ndiyo riwaya zinayoyasifu, nami nayasifu pia.

Baba yangu alikuwa askari. Tumehama wilaya baada ya wilaya, kwa sababu kwetu OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hazeekei mahali, akianza kuzoeana na watu amri ya uhamisho inakuja. Wewe utasema vizuri, hapati nafasi ya kupendelea. Mimi niliyaona mengine. Kila kituo kipya alianza sifuri: hajui mpaka wa mashamba unagombaniwa na nani, hajui ukoo upi na upi hawasalimiani. Watu walimjia na maneno ya uchochezi naye hana wa kumwambia huyu ni mwongo wa siku zote. Alikuwa mtu wa haki, na wapo waliolala rumande wasistahili kwa sababu tu mkuu alikuwa mgeni. Hilo lilimuumiza hadi anastaafu.

Halafu kuna uzee wenyewe. Ni riwaya ngapi zinampa mtu wa miaka 60 akili ya kuamua mambo? Vitabu vingi mzee ni wa kuuawa ukurasa wa kwanza ili vijana wapate kazi. Hapa anapanda ngazi akihema, anasahau miwani, na bado tunamtegemea. Usitunyang'anye hilo kwa ajili ya Ferguson.

MLETA MADA

Dada, asante, na nimeyapokea ya mzee wetu kwa heshima. Ila watazame wote waliohusika Marion. Hakimu alisaini hati ya upekuzi. Askari waliitekeleza. Ni baada ya nchi nzima kupiga kelele ndipo mwendesha mashtaka aliposema ushahidi hautoshi, vitu vikarudishwa. Ugeni wa Cody haukuwazuia wenyeji kumpa mkono. Mji mdogo hauna wa kusema hapana, kwa sababu anayesema hapana kesho atakutana nao dukani, kanisani na kwenye msiba. Gazeti ndilo lilikuwa likiuliza maswali, na ndilo lililovamiwa.

Kuhusu mzee kugonga mlango na kukaribishwa kiti, nakubali ni jambo jema. Nauliza tu ni milango ya nani. Wallander akigonga Ystad anafunguliwa na watu anaowafahamu. Kambini kwa wakimbizi hana anayemfahamu.

MCHANGIAJI WA PILI

Nawaandikia kutoka Unguja. Nashangaa hamjamtaja Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla alitupa riwaya ya kwanza ya Bwana Msa mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu mzima, kiko mdomoni, hana cheo, hana sare, hana bastola. Polisi wapo, Spekta Seif yupo, lakini fumbo linafumbuliwa na raia anayejua kusikiliza, na rafiki yake Najum pembeni. Visiwa vyetu ni vidogo, kila mtu anamjua babu wa mwenziwe. Mwandishi angeweza kabisa kumfanya mkuu wa polisi ndiye mjuzi wa siri za watu. Hakufanya hivyo, na aliandika wakati Mwingereza bado yupo na polisi ni wa Mwingereza. Mimi huona amechagua kwa makusudi: maarifa ya mji yakae kwa mtu asiyeweza kukufunga.

Ndugu zetu wa bara waliofuata walimpenda kijana. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni watu wa mbio, ndege, hoteli na warembo. Mkuu wa polisi mzee wa mji mdogo kwa Kiswahili mimi sijakutana naye, na dada hapo juu ametoa sababu bila kukusudia. Anahamishwa. Anayezeekea mahali kwetu ni mwenyekiti wa mtaa, sheha (kiongozi wa mtaa huku Zanzibar), mzee wa msikiti. Huko Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 watu waliunda sungusungu, walinzi wao wenyewe wa kijiji, kwa sababu polisi alikuwa mbali na hakuwajua watu wala ng'ombe wao. Sungusungu waliwajua sana watu wao, na kila mtu hapa anazo habari za wema wao na za waliopigwa bure.

MCHANGIAJI WA TATU

Niko Montreal, Kanada, naongezea kidogo. Huku mfululizo unaopendwa ni wa Louise Penny, ulioanza 2005, wa Inspekta Mkuu Armand Gamache na kijiji cha Three Pines ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Mleta mada, kama hujausoma utaona ni pipi: mikate, moto wa kuni, washairi. Lakini chini yake kuna jambo linarudi kitabu baada ya kitabu. Gamache alimkamata mkubwa mwenzake mwovu badala ya kumfichia, na wengi katika jeshi lake la polisi wakamwona msaliti. Yeye ni mzee anayependwa kijijini na kuchukiwa kazini.

Sasa ukweli wa jimbo hilohilo la Quebec. Oktoba 2015, katika mji mdogo wa Val-d'Or, wanawake wa jamii za wenyeji asilia walijitokeza kwenye televisheni wakisema polisi wa jimbo waliwanyanyasa. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakasema hawatamshtaki ofisa yeyote wa kituo hicho. Tume ya Viens ikaundwa, na ripoti yake ya Septemba 2019 ikasema ubaguzi dhidi ya jamii hizo katika huduma za umma za Quebec hauwezi kukanushwa. Katika mji mdogo kama huo watu hujuana. Kujuana hakukuwasaidia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sawa, lakini kumbe wote mnasema waandishi wazuri wanalionyesha. Mankell kalionyesha, Penny kalionyesha. Basi kesi yenu ni dhidi ya nani? Dhidi ya vitabu vibaya. Vitabu vibaya vipo vya kila aina, hatuanzishi mjadala.

MLETA MADA

Hapo umenibana, dada, na jibu langu ni hili. Kesi ni dhidi yetu wasomaji. Waandishi wanaonyesha, sisi tunaruka. Nimewauliza wengi waliosoma riwaya za Wallander, wanakumbuka talaka yake, kisukari chake, baba yake mchoraji, kahawa na mvua. Wale askari wa doria wachache sana wanawakumbuka. Tumempenda hadi tumemsamehe kabla hajashtakiwa.

Na nitaje jambo moja kuhusu mwisho wake, ambaye hajasoma aniwie radhi. Mankell anamalizia kwa kumpokonya Wallander kumbukumbu. Ugonjwa ule uliompata baba yake unamfikia yeye. Msomaji analia, nami nililia. Lakini fikirini maana yake kikazi. Nguvu zote za hawa wazee wa riwaya zimo kichwani: nani ndugu ya nani, nani alitishiana na nani. Haikuandikwa popote, kama vile usiku ule wa ulevi haukuandikwa. Mzee akisahau, mji unabaki na nini? Kwetu hata mwenye kuku aliyeibiwa anadai apewe namba ya RB (namba ya taarifa yake kwenye daftari la kituo), kwa sababu bila maandishi kesho askari mwingine atamwambia hakuna shauri kama hilo. Baba yako, dada, aliyeanza sifuri kila wilaya, hakuhitaji kuzeekea mahali. Alihitaji aliyemtangulia aandike vizuri na amwachie daftari la kweli.

Ningependa kuisoma riwaya hiyo kwa Kiswahili: OCD anahamia wilaya ngeni, amebakiza miaka miwili astaafu, anafungua madaftari ya waliomtangulia na kukuta kurasa za wiki moja hazipo. Mwenyekiti wa mtaa anajua zilikwenda wapi, na hataki kusema. Anayeiandika, au anayeijua ambayo tayari imeandikwa, ailete hapa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ikiandikwa nitainunua. Lakini huyo mwenyekiti atakuja kusema kwa sababu OCD alikwenda kwake bila sare, akakaa, akanywa uji. Hapo hunibadilishi.