Jibu: Nani ameshafika Nepal? Nina siku 12 tu

Salaam wote. Mimi wa Mombasa, niko Doha, jikoni tunafanya kazi na Wanepali watatu na mmoja amenialika kwao mwezi wa kumi. Likizo ni siku 12. Nataka kufika base camp ya Everest, ile kambi ya chini ya mlima, nikae kwao kidogo, nirudi kazini. Zinatosha kweli? Na viza je kwa pasi ya Kenya?

---

Aleikum salaam mdogo wangu. Mimi nilienda mwaka juzi kutokea Muscat. Viza ndo rahisi, mimi na mwenzangu wa Kenya tulipewa palepale eapoti Kathmandu, dola 30 siku 15, dola 50 siku 30, bebeni keshi. Fomu jaza kwenye intaneti kabla ya safari, upunguze foleni. Kama ulipita nyumbani karibuni chukua na kadi ya homa ya manjano.

Ila base camp kwa siku 12, nakuomba usifanye. Pale ni mita 5,364, wanaoenda vizuri wanatumia siku 12 mpaka 14 kwa mguu tu kutoka Lukla, kamji ka milimani unakoshuka kwenye ndege, na kurudi, we bado hujahesabu siku za kwa mwenyeji wako. Mimi nilikuwa na haraka hiyohiyo ya likizo ya Ghuba, siku ya pili tu niko Namche, mji wa njiani, mita 3,440, na badala ya kupumzika siku nzima kama mwongozaji alivyosema nikamwambia tuendelee, basi usiku ule kichwa kiliuma sijawahi kuona, natapika, hata maji hayakai, asubuhi tukashuka na baada ya saa chache kushuka nikapata nafuu. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, watu wanakufa kwa hiyo kitu, na nguvu za mwili hazisaidii, kijana wa mazoezi anaangushwa sawa na mzee. Ukipita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulikolala jana. Wao wanasema bistarai bistarai, yaani ile pole pole yetu ya Kilimanjaro.

Jambo la pili ni ndege ya Lukla. Ukungu ukishuka hairuki, unaweza kukaa hapo siku mbili. Na msimu wa watu wengi nyingi zinaruka kutoka uwanja wa Manthali, si Kathmandu, na kufika Manthali ni saa nne tano za gari, unaondoka usiku wa manane. Kwa hiyo acha siku mbili tupu kabla ya ndege yako ya Doha, bosi hataki kusikia habari za ukungu.

Ningekuwa wewe ningeishia Namche, nilale siku mbili, ile siku ya kupumzika napanda kidogo juu ya mji na Everest naiona kwa macho yangu, narudi. Siku zinazobaki kaa kwao.

---

Naongezea, mimi niliolewa huko. Mwezi wa kumi angalieni Dashain, sikukuu yao kubwa, inafuata mwezi wa angani kwa hiyo tarehe zinahama, kuna miaka inaanza wa tisa. Wanepali wengi wa Ghuba wanarudi kwao, tiketi inapanda sana, ofisi zinafungwa. Lakini kama mwenyeji wako amekualika kwa Dashain usikose, utapakwa tika, ile alama nyekundu, kwenye paji la uso na wazee, inamisha kichwa upokee baraka.

Ng'ombe hawachinji, usiulize kabisa nyama yake. Ukiona "buff" ni nyati wa kufugwa. Kwa wanaotaka halali, Kathmandu kuna misikiti karibu na Ratna Park na wauza nyama wapo jirani, kijijini kula dal bhat, wali na dengu, wanakuongeza mpaka ukatae. Kijiko chako kilichogusa mdomo usikirudishe kwenye chungu. Na watu usiwaite kwa majina, mkubwa wa kiume ni dai, wa kike didi, mdogo bhai au bahini, kama sisi tu na kaka na dada zetu.

---

Ahsanteni sana, nimebadilisha, naishia Namche. Jaketi ninunue huku Doha?

---

Hapana bhai, utapoteza hela. Thamel, mtaa wa watalii Kathmandu, wanakodisha jaketi na begi la kulalia kwa siku. We nunua viatu tu, uvivae mwezi mzima kabla hujaondoka.