Uyoga mgumu chini ya jakaranda kubwa: mti ukatwe au usubiri?

Ua wa Nyuma
Wakuu, naomba ushauri. Jakaranda uani, Lavington. Mzingo wa shina ni sm 290 nikipima usawa wa kifua, urefu kama mita 18, nyumba iko mita 9 upande wa magharibi. Chini kabisa, upande wa mashariki, kumeota vipande vitatu vya uyoga mgumu kama ubao. Kikubwa kina upana wa sm 35, juu kahawia, chini cheupe. Mwaka 2021 mtaro wa bomba la maji taka ulichimbwa mita 2 kutoka shinani, upande huohuo. Majani yapo tele. Mtunza bustani asema tuubandue, tupake oili chafu, tujaze simenti.

Gogo Kavu
Simenti usitie. Haishikani na mbao. Mti ukiyumba inasugua kuta na kuhifadhi unyevu. Oili nayo inaua gome lililo hai tu. Na kubandua uyoga ni sawa na kuchuma embe ukidhani umeng'oa mwembe: kuvu yenyewe imo ndani ya mbao, miaka mingi.

Kwaruza ule upande mweupe kwa kucha. Ukigeuka kahawia, na juu kukiwa na vumbi kama kakao, basi karibu hakika ni kuvu iitwayo ganoderma. Inakula mizizi na kitako cha shina.

Fundi Kamba
Majani mengi si cheti. Maji hupanda kwenye mbao changa za nje, kuvu inakula ndani, kwa hiyo mti unaweza kuwa wa kijani na mtupu. Wala usishtuke ukiona umepukutika Septemba, hiyo ni tabia ya jakaranda kabla ya maua.

Gonga shina kwa nyundo ya mbao kila sm 20 kuzunguka, kuanzia ardhini hadi mita moja na nusu. Panapolia kama ngoma, weka alama ya chaki. Kisha toboa kwa drili, biti ya mm 5 yenye urefu wa sm 30, sukuma polepole. Unga mweupe mkavu na biti kukaza ni mbao nzima. Biti ikizama ghafla au unga ukitoka kahawia na majimaji, umefika kwenye uozo. Mzingo wa 290 ni nusu kipenyo ya sm 46, hivyo ukuta mzima unaotakiwa, yaani unene wa mbao ngumu kutoka nje hadi kwenye uozo, ni theluthi yake, kama sm 15.

Gogo Kavu
Fundi, drili iwe ya mwisho, na matundu manne yasizidi. Kila tundu linavunja ukuta ambao mti umejijengea kuzuia kuvu isitoke nje.

Tena hiyo theluthi ni ya shina, haisemi kitu kuhusu mizizi. Fukua kwa mwiko na mikono, jembe litachubua. Sm 20 kwenda chini, mita moja kutoka shinani, kisha choma kila mzizi mkubwa kwa nondo ya mm 6 iliyochongwa.

Ua wa Nyuma
Nimepima. Ukuta ni sm 19, 18 na 17, ila mashariki ni sm 11. Mizizi mikubwa ya mashariki ni mitano: miwili migumu, mitatu nondo inaingia kama kwenye mkate.

Gogo Kavu
Hapo mizizi imeshajibu. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, na mizizi ya upande unaotoka upepo ndiyo inayovuta kama kamba za hema. Ikikatika, mti unalalia magharibi, yaani nyumba. Kupunguza matawi kwa robo kungetosha kama tatizo lingekuwa shina pekee. Ukate kabla ya mvua za Machi, udongo haujalainika.

Fundi Kamba
Nakubali. Omba kibali cha kaunti kwanza, na kama waya za stima zinapita karibu, zizimwe na Kenya Power, si na fundi wa mtaani. Vipande vishushwe kwa kamba kutoka juu. Aliye juu asitegemee mti huo peke yake. Kama kreni inafika uani, afungwe kwenye kreni.

Kisiki kichimbuliwe pamoja na mizizi iliyooza. Kikiachwa, ganoderma itaendelea kukila na kutafuta mti jirani, kwa hiyo usipande mwingine shimo hilohilo.