Blanketi la vipande vya vitenge: vipande tisa, nyumba ya magogo au pembetatu?

Dada wa Gangilonga
Kamwene wote. Jamani naombeni msaada nimekwama. Nina viroba viwili vya mabaki ya vitenge nimekusanya tangu mwaka jana kwa mafundi wa hapa mjini Iringa, nilikuwa napita jioni wengine wananipa bure wengine nawaachia buku mbili, sasa nataka nimshonee mama blanketi kabla ya Juni maana yuko Mufindi na baridi la kule mnalijua, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Saizi nimeshaamua, inchi 54 kwa 72, bloku (ile miraba inayoshonwa mmoja mmoja alafu inaungwa kuwa blanketi) za inchi 9, yani 6 kwa 8, jumla 48. Kushona najua. Kinachonitesa ni rangi na mpangilio.

Nimebaki na njia tatu. Vipande tisa, ile ya miraba 3 kwa 3 inapishana kama ubao wa drafti. Nyumba ya magogo, unaanza na mraba katikati alafu unaizungushia mikanda, upande mmoja rangi za mwanga na upande wa pili zilizokooza. Au pembetatu, mraba umegawanyika kona kwa kona. Mimi macho yanaenda kwenye pembetatu lakini nikimwaga vitenge chini naona vurugu tupu, kila kimoja kinapiga kelele. Waliowahi kushona hizi wanilinganishie.

Fundi wa Mwanjelwa
Dada pembetatu nakushauri uachane nazo kwa hili la kwanza. Kitenge ukishakikata mshazari kinavutika, unashona vizuri kabisa ukija kupiga pasi kona imekimbia. Kama moyo umekataa basi usikate kwanza, chukua miraba miwili ya inchi 4, mmoja wa mwanga mmoja umekooza, ziangaliane uso kwa uso, chora mstari kona kwa kona na chaki, shona robo inchi huku na robo inchi huku ndo ukate katikati ya mstari. Unapata vipande viwili, unavisawazisha viwe inchi 3 na nusu, ukishaunga inabaki 3 kamili.

Na robo inchi iwe hiyohiyo kila mahali, sisi mafundi tumezoea kuacha nafasi kubwa ya mshono kwenye magauni, huku haifai. Nyumba ya magogo ina mishono minne kutoka ukingo huu mpaka ule, kila mshono ukila nyuzi kidogo bloku inabaki inchi 8 na nusu, zidisha kwa bloku sita umepoteza inchi 3 za upana na mama miguu iko nje.

Mama Tukuyu
Ugonile mwanangu. Mimi sina mashaka hata kidogo, shona nyumba ya magogo. Kwa inchi 9 kata katikati mraba wa inchi 3 na nusu, mikanda yote upana inchi 2, unazungusha mara mbili tu bloku imeisha, na mabaki ya fundi mengi ni mikanda mikanda hivyohivyo kwaiyo hutupi kitu. Wamarekani wa zamani ile ya katikati walipenda iwe nyekundu, wanasema ndo moto wa jikoni, na magogo ndo kuta za nyumba. Mimi katikati naweka nyekundu mpaka leo kwa sababu nalielewa jambo hilo, kwetu pia nyumba ni pale penye moto.

Lakini utamu wake ni baada ya kumaliza bloku zote. Kila bloku ina nusu mwanga nusu giza, kwaiyo ukizizungusha tu mkononi unapata blanketi lingine kabisa. Zipange giza lifuatane kimshazari, unaona matuta, matuta kabisa kama ya viazi kule Uporoto. Ukianzia katikati ukazielekeza nje, inatoka almasi ndani ya almasi inapanuka mpaka pembeni. Nne nne zikikutanisha giza, unapata miraba ya giza na miraba ya mwanga inabadilishana. Bloku ni zilezile 48. Vipande tisa ukizigeuza inabaki vilevile.

Mwalimu Kihesa
Mama Tukuyu heshima yako, ila vipande tisa hujaitendea haki. Hesabu, nyumba ya magogo ina vipande 9 kila bloku (1 na mikanda 8), vipande tisa nayo 9, mara 48 zote mbili ni 432. Sasa yeye anaweza kushona bloku 24 tu za vipande tisa, na 24 zikawa kitambaa cha rangi moja kisichokatwa, akazipanga moja moja zinapishana. Kazi imepungua nusu na jicho limepata pa kupumzika, na hapo ndo tatizo lake la kelele linaisha maana kitenge kinahitaji jirani mtulivu. Mimi langu nimetumia bluu iliyokooza, lina mwaka wa sita kitandani na bado nalipenda kila nikitandika.

Alafu dada usiogope kutolingana. Kuna akina mama wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, jinzi za shambani, mistari imepinda, rangi walizopata, na mwaka 2002 kazi zao ziliwekwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Houston watu wakashangaa. Jinzi iliyopauka gotini na ile ya mfukoni ambayo haijaona jua ni rangi mbili tofauti, wao walilitumia hilo.

Binti Makambako
Mnabishana bloku wakati shida yake iko kwingine, samahani wakubwa zangu. Anasema vitenge vinapiga kelele. Dada hujatenganisha mwanga na giza, umetenganisha nyekundu na kijani. Fanya hivi, vitandaze sakafuni, piga picha, kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa, nyekundu na kijani unazoona ni mbingu na ardhi zitakuwa kijivu kimoja, na nyumba ya magogo ya rangi hizo haitaonyesha tuta wala almasi, itakuwa uji. Rangi chagua unazopenda, mchoro unabebwa na mwanga na giza.

Jingine, maua makubwa. Kitenge chenye ua la ukubwa wa sahani ukikikata mkanda wa inchi 2, kipande hiki kinatoka njano tupu, kingine kinatoka cheusi, na ni kitenge kimoja. Kwaiyo panga baada ya kukata, usipange kwa kuangalia kitenge kizima.

Dada wa Gangilonga
Binti Makambako nimepiga hiyo picha sa hivi mikono inanitetemeka, ni kweli kabisa, viroba viwili vyote ni giza! Vya mwanga sijapata hata robo. Sasa nafanyaje, ninunue vipya?

Fundi wa Mwanjelwa
Usinunue, geuza. Vile vitenge vya bei ya chini vimechapwa upande mmoja, mgongo wake umepauka na ua linaonekana kwa mbali. Huo mgongo ndo mwanga wako na utaendana na uso wake bila shida. Kitenge cha wax chenyewe hakikusaidii, rangi zake pande zote ni sawa. Zaidi ya hapo nenda kwenye mitumba utafute mashati ya kiume ya pamba ya mistari myembamba, shati moja lina mikanda mingi sana.

Mama Tukuyu
Na kanga kuukuu mwanangu. Mji wake mara nyingi una mwanga, pindo limekooza, kanga moja inakupa pande zote mbili. Jina usilikatekate, litoe zima ulishone nyuma ya blanketi, mama yako akigeuza asome.

Wa Mafinga
Kabla ya yote fueni jamani. Niliuziwa kitenge chekundu sokoni nikaambiwa hakichuji, nikakiunga na shuka jeupe bila kukiosha, kufua mara ya kwanza blanketi zima likawa pinki, miezi minne ya kazi, nililia. Sa hivi kila kipande naloweka maji ya baridi peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisichoacha kuchuja nakitoa hata kiwe kizuri vipi.

Binti Makambako
Na kufua kunatoa ule wanga wa dukani, kikisinyaa kisinyae kabla hakijaungwa.

Dada wa Gangilonga
Nimerudi baada ya wiki tatu. Nimechagua nyumba ya magogo, katikati nyekundu (imelowekwa mara tano!), mwanga ni migongo ya vitenge, mashati mawili ya mitumba na kanga moja ya marehemu bibi ambayo jina lake nimelihifadhi kwa ajili ya nyuma. Nilijaribu almasi jana ni nzuri sana lakini leo nimepanga matuta nikakaa kwenye kochi nikaangalia nikaona shamba la mama kabisa, lile la mteremkoni, nikasema basi. Bado sijaunga bloku kwa bloku. Picha hii hapa, semeni kabla sijashona.

Mwalimu Kihesa
Pazuri sana. Nimeshindwa hoja na nimefurahi kushindwa.

Mama Tukuyu
Safu ya tatu, bloku ya pili kutoka kushoto. Giza limeangalia juu, tuta limekatika. Igeuze mara moja kwenda kulia, alafu shona.